SOMO LA NANE: KUCHAGUA PROGRAMU YA KUHARIRI PICHA KWA GHARAMA NAFUU

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili utaweza:

(a) kueleza maana ya kuhariri picha na kutaja zana zake za msingi;
(b) kutofautisha aina nne za leseni za programu;
(c) kukokotoa ukubwa wa picha na jumla ya gharama ya programu;
(d) kuchagua programu inayofaa na kutetea uchaguzi wako kwa hoja.

1. Utangulizi

Umechora sura ya bibi yako kwa penseli, ukaipeleka steshenari ikaskaniwa. Unapoifungua kwenye kompyuta, karatasi iliyokuwa nyeupe imekuwa ya kijivu, alama ya kifutio inaonekana pembeni, na mstari wa shavu umekatika. Au umechora moja kwa moja kwenye kompyuta, lakini rangi ya gauni imefifia na mkono mmoja umekuwa mrefu kuliko mwingine. Kazi ya kuondoa kasoro hizo bila kuchora upya ndiyo tunayoiita kuhariri picha.

Kila mwaka wanafunzi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, programu ipi ni bora?" Swali hilo halijakamilika. Bora kwa kazi gani? Kwa kompyuta ipi? Kwa fedha kiasi gani? Mtahiniwa anayejibu kwa kutaja jina la programu tu hupata alama chache. Anayeanza na mahitaji, akafuata na vigezo, kisha akataja jina, hupata alama nzuri. Somo hili linafuata mpangilio huo.

2. Dhana muhimu

*Pikseli.* Ni nukta ndogo ya rangi. Picha ya dijitali ya aina hii ni nukta nyingi zilizopangwa kwa safu mlalo na safu wima. Ukiikuza sana, nukta zinaanza kuonekana kama vigae.

*Tabaka.* Fikiria karatasi za nailoni zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ya chini ina mchoro wa penseli, ya kati ina rangi, ya juu ina vivuli. Ukikosea kivuli, unafuta kwenye karatasi ya juu tu. Mchoro wa chini hauguswi. Programu isiyo na matabaka haifai kwa kurekebisha mchoro.

*Kinyago.* Ni zana inayoficha sehemu ya tabaka bila kuifuta. Ukibadili mawazo, unairudisha.

*Zana ya kunakili na zana ya kuponya.* Zana ya kunakili huchukua sehemu safi ya picha na kuibandika juu ya doa. Ya kuponya hufanya hivyo hivyo, lakini pia hulinganisha rangi na mwanga wa mahali ilipobandikwa.

*Kurekebisha mwanga na giza.* Hii ndiyo zana inayorudisha weupe wa karatasi iliyoskaniwa na weusi wa penseli. Kwa mchoro wa mkono, mara nyingi ndiyo ya kwanza kutumika.

*Muundo wa faili.* JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa baadhi ya taarifa. Ukiifungua, ukaibadili na kuihifadhi mara nyingi, picha inaendelea kuchakaa. PNG haitupi taarifa, lakini haitunzi matabaka. Ili kutunza matabaka, hifadhi katika muundo wa programu yenyewe: XCF kwa GIMP, KRA kwa Krita, PSD kwa Photoshop.

> Zingatia: Hifadhi nakala mbili siku zote. Moja iwe na matabaka, kwa ajili ya kuendelea kurekebisha. Nyingine iwe PNG au JPEG, kwa ajili ya kuchapa au kumtumia mtu.

3. Aina za leseni

Leseni ni masharti ambayo mwenye programu anakupa ili uitumie. Watahiniwa wengi huchanganya maneno *bure* na *huria*, nawe usiyachanganye.

(i) Programu huria. Una ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza jinsi ilivyoandikwa, kuibadili na kuisambaza. GIMP na Krita ni za kundi hili. Uhuru huo una faida kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu leseni iliruhusu.

(ii) Programu ya bure isiyo huria. Hulipi, lakini huruhusiwi kuibadili, na mwenyewe anaweza kubadili masharti. Paint.NET na Snapseed ni za kundi hili.

(iii) Programu ya malipo ya mara moja. Unanunua, unaendelea kuitumia. Toleo jipya likitoka, huenda ukalipa tena.

(iv) Programu ya malipo ya kila mwezi au mwaka. Ni kama kupanga nyumba: ukiacha kulipa, unatoka. Adobe Photoshop, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1990, iliuzwa kwa malipo ya mara moja kwa miaka mingi. Mwaka 2013 kampuni ilielekeza matoleo mapya kwenye mfumo wa malipo ya muda.

*Je, ipo leseni ya tano, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli?* Hapana. Huo ni wizi wa hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Lakini naomba nikupe sababu nyingine, niliyoilipia mwenyewe.

Katika mwaka wangu wa pili wa kufundisha, nilikuwa nasimamia wanafunzi kumi na mmoja waliokuwa wakitengeneza mabango ya maonyesho ya shule. Mmoja wao alileta kwenye flashi programu maarufu ya kulipia, iliyovunjwa kufuli. Nilijua ilikotoka. Nikanyamaza, kwa sababu nami nilitaka kazi ipendeze. Baada ya siku mbili mabango yote yaligeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka, na kila flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta zile iliambukizwa. Tulipoteza kazi ya wiki tano. Lilipona bango moja tu, la msichana aliyekuwa na tabia ya kujitumia kazi yake kwa barua pepe kila jioni. Wale kumi walianza upya siku nne kabla ya maonyesho, na wawili hawakumaliza. Kosa halikuwa la mwanafunzi aliyeleta flashi. Lilikuwa la mwalimu aliyejua na kunyamaza.

Tangu siku hiyo sifundishi programu ambayo mwanafunzi hawezi kuipata kwa njia halali.

4. Vigezo vitano vya kuchagua

Kumbuka mpangilio huu: Kazi, Kompyuta, Leseni, Gharama, Msaada.

Kazi. Andika orodha ya kasoro unazotaka kuondoa. Kama ni weupe wa karatasi na madoa machache, programu ndogo inatosha. Kama ni kupaka rangi mchoro mzima kwa brashi za aina nyingi, unahitaji programu ya uchoraji.

Kompyuta. Angalia mfumo wa uendeshaji (Windows, macOS, Linux au Android) na kiasi cha RAM. Sehemu ya 5 inakuonyesha hesabu yake.

Leseni. Je, inaruhusu kuuza kazi uliyotengeneza? Je, ina muda wa kwisha?

Gharama. Bei ya programu ni sehemu tu ya gharama. Ongeza bando la kupakua, malipo ya kutumia kompyuta ya steshenari na vifaa kama kalamu ya kuchorea. Muda wa kujifunza nao ni gharama, hasa mtihani ukiwa karibu.

Msaada. Ukikwama, nani atakusaidia? Programu ambayo mwalimu au mwenzako anaifahamu ina thamani kuliko ile yenye sifa nyingi usiyo na wa kumuuliza.

5. Hesabu mbili za lazima

*Hesabu ya kwanza: ukubwa wa picha.* Unataka kuchapa mchoro kwenye karatasi ya A4 kwa pikseli 300 kwa kila inchi. A4 ina sentimita 21.0 kwa 29.7, na inchi moja ni sentimita 2.54.

Upana: 21.0 ÷ 2.54 × 300 = pikseli 2,480 (takriban)
Urefu: 29.7 ÷ 2.54 × 300 = pikseli 3,508 (takriban)
Jumla: 2,480 × 3,508 = pikseli 8,699,840

Kila pikseli ikichukua baiti 4 (nyekundu, kijani, bluu na uangavu), tabaka moja ni 8,699,840 × 4 = baiti 34,799,360, yaani takriban MB 35. Matabaka kumi ni takriban MB 350, kabla ya kuhesabu kumbukumbu inayotunza hatua zako ili uweze kurudi nyuma. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 inayoendesha mfumo na kivinjari wakati huohuo itaanza kusuasua. Suluhisho halianzi na kununua kompyuta: punguza matabaka kwa kuyaunganisha, na funga programu nyingine.

*Hesabu ya pili: gharama kwa muda.* Tuchukue mfano wa kubuni. Programu P inalipiwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Programu Q inalipiwa mara moja, shilingi 150,000. Zinalingana lini?

150,000 ÷ 30,000 = miezi 5

Ukitumia chini ya miezi mitano, P ni nafuu. Ukizidisha hapo, Q ni nafuu. Kwa miaka miwili P itakuwa shilingi 720,000. Bei ndogo ya mwezi isikupofushe, zidisha kwanza.

6. Programu za kuzifahamu

GIMP. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni huria, na inapatikana kwa Windows, macOS na Linux. Ina matabaka, vinyago, zana ya kunakili, ya kuponya na ya kurekebisha mwanga na giza. Toleo la 3.0 la mwaka 2025 liliongeza uwezo wa kuweka athari kwenye tabaka na kuzibadili baadaye bila kuharibu picha ya awali. *Udhaifu:* mpangilio wake wa madirisha na zana humchanganya anayeanza.

Krita. Ni huria, na imetengenezwa kwa ajili ya wachoraji. Nguvu yake ni brashi. Pia inaweza kufanya kazi moja kwa moja katika CMYK, mfumo wa rangi wa wachapaji, eneo ambalo GIMP imekuwa nyuma. *Udhaifu:* picha kubwa na brashi nzito huhitaji kompyuta yenye nguvu. *Tahadhari:* kwenye baadhi ya maduka ya mtandaoni inauzwa ili kuchangia watengenezaji. Kwenye tovuti yake rasmi unaipata bila malipo.

Paint.NET. Ilianza mwaka 2004 kama mradi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani. Ni nyepesi na rahisi kujifunza, ina matabaka na zana ya kunakili. *Udhaifu:* ni ya Windows tu, na zana zake ni chache kuliko za GIMP.

Photopea. Hii haisakinishwi, inafunguka ndani ya kivinjari. Inafungua faili za PSD, na kazi hufanyika ndani ya kompyuta yako bila kupeleka picha kwenye seva. Inafaa pale ambapo huruhusiwi kusakinisha kitu, kama maabara ya shule. *Udhaifu:* unahitaji intaneti ili kuifungua, na toleo la bure lina matangazo.

Affinity. Ni ya kampuni ya Serif ya Uingereza, iliyonunuliwa na Canva mwaka 2024. Kwa miaka mingi iliuzwa kwa malipo ya mara moja. Mwaka 2025 ilitolewa upya bila malipo, ila unahitaji akaunti ya Canva. Si huria, na mfano wake unatufundisha jambo: masharti ya leseni hubadilika, kwa hiyo yasome siku unayopakua.

Kwa wenye simu tu. Snapseed ya Google ni ya bure na inafaa kusafisha picha ya mchoro: mwanga, madoa, kukata pembe. Haina matabaka. ibisPaint ina matabaka na brashi, na toleo lake la bure lina matangazo. Usijidharau kwa kutumia simu. Mchoro mzuri uliorekebishwa kwa simu unaushinda mchoro mbovu uliorekebishwa kwa kompyuta ya gharama.

7. Swali la mfano na jibu lake

*Swali:* Mtahiniwa ana kompyuta ya Windows yenye RAM ya GB 4, bando kidogo, na hana fedha za programu. Anataka kusafisha michoro sita ya penseli iliyoskaniwa na kuichapa kwenye A4. Mshauri programu moja, kwa hoja nne. (Alama 10)

*Jibu:* Namshauri atumie Paint.NET.

Kwanza, kazi yake ni kusafisha michoro, si kupaka rangi upya. Zana ya kurekebisha mwanga na giza pamoja na ya kunakili zinatosha, na Paint.NET inazo zote mbili.

Pili, kompyuta yake ni ya Windows, ambayo ndiyo programu hii inahitaji. Kila mchoro wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi ni takriban MB 35 kwa tabaka, hivyo matabaka mawili au matatu hayatailemea RAM ya GB 4.

Tatu, haina malipo kwenye tovuti yake rasmi, na leseni yake ni halali.

Nne, ni nyepesi kupakua na rahisi kujifunza, kwa hiyo ataokoa bando na muda.

Hata hivyo, kama baadaye atahitaji vinyago au zana ya kuponya, ahamie GIMP. Ahifadhi michoro katika PNG ili aweze kuifungua katika programu zote mbili.

*Maelezo ya usahihishaji:* Pendekezo lililo wazi, alama 1. Kila hoja iliyounganishwa na hali ya mtahiniwa, alama 2. Kukiri mipaka ya chaguo lake, alama 1. Aliyechagua GIMP na kuitetea vizuri naye anapata alama zote. Hatusahihishi jina, tunasahihisha hoja.

8. Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kuandika "ni bora kwa sababu inatumiwa na wataalamu". Wataalamu wana mahitaji na mifuko yao. Eleza mahitaji ya mhusika uliyepewa.
2. Kusema programu huria na programu ya bure ni kitu kimoja.
3. Kuhifadhi kazi katika JPEG pekee, kisha kushangaa matabaka yamekwenda wapi.
4. Kukuza picha ndogo ukidhani programu itaongeza ubora. Programu inakisia pikseli mpya; haiwezi kurudisha alama ya penseli ambayo skana haikuichukua. Skani vizuri kwanza.
5. Kupakua programu kutoka tovuti yoyote inayotangulia kujitokeza. Nenda kwenye tovuti rasmi.

9. Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti kati ya programu huria na programu ya bure isiyo huria. Toa mfano mmoja wa kila aina. (Alama 4)
2. Picha ina pikseli 1,080 kwa 1,350. Ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, itakuwa na ukubwa gani kwa sentimita? Je, inafaa kujaza karatasi ya A4? (Alama 5)
3. Programu R inalipiwa shilingi 18,000 kwa mwezi. Programu S inalipiwa mara moja, shilingi 126,000. Mtumiaji anaihitaji kwa mwaka mmoja. Achague ipi, na ataokoa kiasi gani? (Alama 4)
4. Kwa nini mchoraji ahifadhi nakala yenye matabaka hata baada ya kumaliza kazi? (Alama 2)
5. "Programu iliyovunjwa kufuli ni ya bure." Pinga kauli hii kwa hoja tatu. (Alama 6)

Majibu kwa muhtasari

1. Huria inaruhusu kutumia, kuchunguza, kubadili na kusambaza, mfano GIMP. Ya bure haidai malipo lakini hairuhusu kuibadili, mfano Snapseed.
2. 1,080 ÷ 300 = inchi 3.6, sawa na sentimita 9.1. 1,350 ÷ 300 = inchi 4.5, sawa na sentimita 11.4. Haifai kujaza A4, kwa kuwa A4 inahitaji takriban pikseli 2,480 kwa 3,508.
3. R kwa miezi 12 ni shilingi 216,000. Achague S, ataokoa shilingi 90,000.
4. Ili aweze kurekebisha sehemu moja bila kuharibu nyingine, na kutengeneza nakala mpya isiyochakaa.
5. Inavunja sheria ya hakimiliki. Inaweza kuleta virusi na kupoteza kazi. Haipati msaada wala masasisho ya kuaminika. Hivyo ina gharama, ila huilipi siku ya kuipata.

> Kabla ya kufunga kitabu: Chukua mchoro wako mmoja. Andika kasoro zake tatu, sifa za kompyuta au simu uliyo nayo, na fedha uliyo nayo hata kama ni sifuri. Kisha chagua programu moja na uitetee kwa sentensi nne. Ukimaliza, nakili kazi yako mahali pa pili. Fanya hivyo leo jioni.